Kabla ya kumhukumu mwana aliyekosa maziko, tumuulize kibali chake cha kurudi

Wengi wetu huku Pwani twaijua Huruma kwa sababu moja tu: lile ghorofa lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, na kuua watu karibu 50. Mimi naijua pia kwa sababu ya damu. Nina jamaa huko, watu wa Kisauni waliohamia Nairobi miaka ya themanini kutafuta riziki, wakaahidi kurudi, wakazeekea huko huko. Mwaka huu nilipanda gari kwenda kumzika mmoja wao, binamu yangu, aliyekuwa fundi cherehani Gikomba kwa zaidi ya miaka 30.

Alifariki hospitalini usiku. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshaoshwa, amekafiniwa na kuswaliwa, na baada ya swala tukaelekea makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Ndiyo desturi yetu, na ndiyo sunna. Kijana mmoja wa nyumbani alikuwa ameshika simu juu ya vichwa vya watu ili mtoto wa kwanza wa marehemu, aliye jimbo la Texas, ashuhudie babake akiteremshwa kaburini. Kwake ilikuwa bado giza la alfajiri. Alikuwa ameketi ndani ya gari, akitazama bila kusema neno.

Tuliporudi Huruma, shangazi yake hakuficha la moyoni. Alisema mbele ya watu wote: "Dola za kutuma anazo, za tikiti hana?" Watu waliguna. Hakuna aliyemjibu, nami pia sikumjibu, kwa sababu kusema kweli hata mimi nilikuwa nawaza hayo hayo. Kutoka New York hadi Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways tangu Oktoba 2018. Ni mwendo wa saa 14 hivi. Maziko hayangemngoja, hilo twalijua. Lakini vipi kuhusu hitma? Vipi kuhusu mamake aliyeingia eda?

Usiku ule alinipigia simu mimi. "Ami," akasema, "si tikiti. Nikitoka sirudi."

Nimeandika makala haya kwa sababu naamini jambo hili haliko nyumba moja ya Huruma pekee. Liko Majengo, liko Old Town, liko Malindi na Lamu, na liko kila mtaa wenye mtoto ng'ambo. Twawahukumu watoto wetu kwa sheria tusizozijua. Mimi si wakili, na kila mtu ana kesi yake. Lakini yapo mambo ya msingi ambayo kila familia yenye mtu wake nje inafaa kuyajua.

Kukaa na kusubiri si sawa na kutoka na kurudi

Mtu aliye ndani ya Marekani akitaka ukaazi wa kudumu, yaani ile kadi ya kijani, hujaza fomu iitwayo I-485. Tangu idara ya uhamiaji inapoipokea hadi inapotoa uamuzi, mwombaji huruhusiwa kubaki na kusubiri. Lakini ruhusa hiyo ni ya kubaki tu. Akitoka nje ya nchi kabla ya uamuzi, bila kuwa na kibali cha kurudi kinachoombwa kwa fomu nyingine, I-131, sheria huhesabu kwamba ameliacha ombi lake mwenyewe. Iwe alikwenda kuzika au kutembea, ni mamoja. Ombi hufungwa na ada hairudishwi. Wapo wachache wasiobanwa na sharti hili, kama vile wenye viza za kazi za H-1B na L-1 ambazo bado ni halali. Kijana wetu hayumo.

Yeye alikwenda kwa viza ya masomo, akamaliza chuo, akaoa raia wa huko. Masomo yamekwisha na viza ya masomo nayo imekwisha. Kinachomweka kihalali ni lile ombi pekee. Akilipoteza akiwa Nairobi, itabidi mkewe aanze upya kumwombea kupitia ubalozi wa Gigiri, shughuli inayoweza kula zaidi ya mwaka. Wakati huo kazi imekwenda, nyumba ya kupanga imekwenda, na mke amebaki peke yake na mtoto.

Kwa mtu aliyewahi kukaa bila idhini, mambo ni mazito zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inasema aliyekaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180, kisha akatoka, afungiwe mlango miaka 3. Aliyepitisha mwaka mzima hufungiwa miaka 10. Mwaka 2012 bodi ya rufaa za uhamiaji iliamua, katika kesi ya Arrabally na Yerrabelly, kwamba anayetoka akiwa na kibali cha kurudi hahesabiwi kuwa ametoka kwa maana hiyo ya adhabu. Kwa hivyo karatasi moja yaweza kuwa tofauti kati ya wiki mbili nyumbani na miaka 10 nje. Na hata mwenye nayo hana hakika ya asilimia mia, kwa kuwa afisa wa mpakani ndiye mwenye neno la mwisho siku ya kuingia.

Sasa msomaji atauliza: kwa nini basi hakuiomba mapema? Nami nilimuuliza. Zamani kibali hicho kilikuwa hakina malipo ya ziada kwa aliyekwisha kulipa ada ya ombi kuu. Mambo yalibadilika tarehe 1 Aprili 2024. Tangu siku hiyo ombi kuu ni dola 1,440, na kibali cha kurudi kina ada yake peke yake, dola 630. Hizo ni zaidi ya shilingi 80,000 zetu. Kijana alikuwa ameziweka. Kisha babake akalazwa, na sisi huku tukamwandikia kwamba hospitali yataka pesa kabla ya kuendelea na matibabu. Akazituma.

Narudia ili ieleweke. Pesa za kibali ndizo zilizolipa kitanda cha hospitali. Shangazi hakujua hilo alipokuwa akisema. Wala sisi tuliokuwa tukiguna hatukujua.

Saa ya sharia na miezi ya ofisi

Majirani zetu wa Huruma wasio Waislamu wana nafasi kidogo. Maiti huwekwa mochari wiki moja au mbili, watu hukutana jioni kuchanga, na aliye ng'ambo hupata muda wa kuhangaika. Sisi maiti hatumweki. Mtu akifa usiku, adhuhuri yuko kaburini. Kwa hivyo kwa Mwislamu aliye mbali, kuwahi maziko ni jambo la bahati hata kama ana kadi ya kijani mkononi. Hili tulikubali tu bila kulitafutia wa kulaumu. Dini imempa mlango: kwa madhehebu yetu ya Shafi, yafaa kumswalia maiti aliye mbali, kama Mtume (SAW) alivyomswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Kijana wetu aliswali swala hiyo Texas pamoja na wenzake wachache. Nani wetu aliyemuuliza?

Lakini kuna jambo moja ambalo lingewezekana, na hapo lawama ni yetu sote. Marekani ina njia ya dharura. Mwenye ombi linalosubiri, akifiwa au mzazi wake akiwa mahututi, aweza kupiga simu idara ya uhamiaji na kuomba miadi katika ofisi iliyo karibu naye. Huenda na fomu I-131, ada, picha, risiti ya ombi lake kuu, na ushahidi wa dharura. Si haki ya lazima, afisa aweza kukataa. Ila njia ipo, na huchukua siku badala ya miezi.

Ushahidi huo hutoka wapi? Hutoka huku. Ni barua ya daktari yenye nembo na muhuri wa hospitali, isemayo mgonjwa ni nani na hali yake ikoje. Ni karatasi ya kuthibitisha kifo. Ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinachoonyesha jina la mzazi, liwe limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye karatasi ya hospitali. Kijana alikuwa ameomba barua ya daktari tangu babake alipolazwa. Sisi tulimtumia picha ya babake akiwa kitandani na sauti za watu wakilia. Afisa wa uhamiaji hawezi kufungua faili kwa sauti za kilio.

Uingereza na Kanada

Watu wetu hawako Marekani pekee. Tangu Kenya na Uingereza zilipotia sahihi mkataba wa wauguzi Julai 2021, na hasa baada ya mlango wa kazi za kuwatunza wazee kufunguliwa mwaka uliofuata, vijana wengi wa hapa wamekwenda huko. Mlango huo wa kuajiri watunzaji kutoka nje ulifungwa Julai 2025, lakini waliokwisha kuingia wanahesabu miaka yao kuelekea ukaazi wa kudumu.

Huko sharti ni kali kwa namna nyingine. Aliyewasilisha ombi la ukaazi akiwa ndani ya nchi, akatoka kabla ya kujibiwa, ombi lake huhesabiwa limeondolewa. Anaruhusiwa kutembea Uingereza yenyewe, Ireland, na visiwa vya jirani vilivyo katika mpango mmoja wa safari. Zaidi ya hapo, basi. Hata kabla ya kuomba, anayefuata njia ya miaka 5 hatakiwi kuwa nje zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote. Kwa hivyo binti akikwambia hatakuja mwaka huu kwa kuwa "anahesabu siku", hasingizii. Anahesabu kweli.

Kanada ni laini kidogo kwenye karatasi. Mwombaji wa ukaazi wa kudumu aweza kusafiri ombi likiendelea. Lakini Mkenya huhitaji viza ili kuingia Kanada, kwa hivyo kama viza yake imekwisha, atakwama uwanja wa ndege wa Nairobi akiwa na ombi safi kabisa. Na aliyeombewa na mume au mke chini ya mpango wa wanaoishi pamoja ndani ya Kanada, akizuiwa kurudi, ombi lenyewe laweza kuanguka, kwa kuwa sharti lilikuwa waishi pamoja huko.

Nchi tatu, sheria tatu. Kwa hivyo tusichukue habari za mtoto wa jirani aliyetoka Toronto kuja harusini tukamsomea aliye Dallas au Leicester.

Hofu isiyo kwenye fomu

Kuna wenye kibali mkononi na bado wakaogopa kutoka. Nao wana sababu. Tarehe 27 Januari 2017 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuwazuia raia wa nchi saba, Somalia na Sudan zikiwemo, na ilianza kazi siku ile ile. Watu walipanda ndege wakiwa halali wakashuka wakiwa wamezuiwa. Hata wenye kadi za kijani walisimamishwa kwa siku kadhaa kabla ya serikali kufafanua kwamba haiwahusu. Juni 2025 amri nyingine ilitoka, safari hii ikigusa nchi 12 kwa ukamilifu na 7 kwa sehemu. Somalia na Sudan zimo tena, Burundi imo kwa sehemu. Kenya haikuwemo. Lakini tembea kutoka Huruma hadi Kiamaiko, kisha ufuate Juja Road mpaka Eastleigh, uone ni familia ngapi zenye ndugu wa pasipoti mbili tofauti. Mtu anayeona sheria ikibadilika wakati mwenzake yuko hewani ana haki ya kuogopa.

Na wapo ambao hata kibali hakiwafai. Aliyeomba hifadhi kwa kusema maisha yake yako hatarini nchini kwao, kisha akarudi nchi ile ile, huchukuliwa kwamba ameliacha ombi lake, isipokuwa athibitishe sababu nzito sana. Huyo babake akifa hawezi kuja, na mara nyingi hawezi hata kueleza kwa nini, kwa sababu kijijini hakuna anayejua alichoandika kwenye fomu. Tusimchimbe.

Je, hawapo wanaojificha?

Wapo. Nisiwe mtu wa kupendelea. Wapo waliopata kadi ya kijani miaka 10 iliyopita, na hata uraia, na bado kila msiba ni "karatasi hazijakamilika". Mwenye kadi hana kizuizi cha kuja kukaa wiki tatu na mamake. Uongo wa hao ndio umefanya wakweli wasiaminiwe.

Wapo pia watakaosema: ni sheria za watu, aliyeona ni ngumu angebaki kwao. Sina ugomvi na haki ya nchi kupanga mlango wake. Hata sisi Kenya tunao wetu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 yamtaka mgeni awe ameshikilia kibali cha kazi kwa angalau miaka 7, na awe ameishi hapa mfululizo miaka 3 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Nasi twawahesabia wengine siku zao. Ninachosema ni kwamba tusimtume mtu kazi ya kulea nyumba mbili kisha tukamsimanga kwa masharti ya kazi hiyo.

Kwani ni kazi. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 kwa hesabu za Benki Kuu, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Serikali huzitaja kwa fahari kila zinapoongezeka. Karo, kodi za nyumba, saruji, dawa, mahari, vyote vimo. Kisichohesabiwa popote ni maziko yaliyokoswa.

Tufanye nini

Kwanza, ninyi mlio nje. Ukiwasilisha ombi la ukaazi na una mzazi mzee huku, kibali cha kurudi si cha kuombwa msiba ukibisha. Kiombe pamoja na ombi kuu, na ukipewa, angalia tarehe ya kwisha uombe kingine mapema. Hakikisha pasipoti yako ya Kenya iko hai, maana kibali bila pasipoti hakikupeleki popote. Kabla ya kukata tikiti, muulize wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, si rafiki wa gumzo la WhatsApp. Na waambieni ukweli watu wa nyumbani. Kijana wetu alificha kwamba alikosa ada kwa sababu alituma pesa. Aliona haya. Haya hiyo ndiyo iliyomfanya aonekane hana moyo.

Pili, sisi tulio huku. Mtoto akisema "nipe mwezi huu nilipe karatasi", tumpe. Harusi yaweza kuwa ndogo, ghorofa la pili laweza kungoja. Mzazi akilazwa, mtu mmoja ateuliwe wa kufuatilia barua za hospitali siku ile ile na kuzituma zikiwa zinasomeka. Na tukienda msibani, ulimi tuuzuie.

Tatu, serikali. Tunayo sasa idara ya masuala ya diaspora katika wizara ya mambo ya nje. Iweke utaratibu wa kuthibitisha kifo au ugonjwa wa mzazi ndani ya saa 24, ili ubalozi wa Washington au London uweze kumpa Mkenya barua ya kupeleka kwa afisa. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji afisa wa kupokea simu Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa mauti hayaangalii siku za kazi. Maimamu nao wana nafasi yao. Hotuba moja ya Ijumaa juu ya jambo hili, Pumwani au Kisauni, ingezima maneno mengi.

Siku ya tisa baada ya maziko nilirudi Huruma kuagana na mjane. Niliuliza ile karatasi ya kuthibitisha kifo iko wapi, maana kijana alikuwa bado akiitaka ili apeleke ombi la dharura, japo awahi kukaa na mamake siku chache ndani ya eda. Ilitafutwa kabatini, ikatafutwa chini ya godoro. Ilikuwa ndani ya mkoba wa shangazi, imekunjwa mara nne, pamoja na risiti za hospitali zilizolipwa kutoka Texas. Hakuwa ameificha. Hakuna aliyemwambia kwamba ina kazi.

Tuliinyoosha juu ya meza, tukaipiga picha vizuri, tukaituma. Shangazi aliishika ile simu muda mrefu kidogo. Kisha akamrekodia ujumbe wa sauti, mfupi, akimwita kwa jina lake la utotoni na kumuuliza kama amekula.